Kisu cha Kifini: unachonunua, unachovaa na kinachofika nyumbani

Ukipita soko la Kauppatori, pale bandarini Helsinki, hutakosa meza yenye visu vidogo vya mipini ya mbao, kila kimoja kimezama ndani ya ala ya ngozi. Muuzaji anakiita puukko. Meza ya jirani ina kikubwa mara mbili, nacho unaambiwa ni cha asili. Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi unakuta cha mpini wa plastiki, na fundi aliyesimama karibu nawe naye anakiita puukko. Bei ndiyo inayovuruga kabisa: hiki euro 45, kile 180, na kwa jicho la mgeni ni mapacha. Hapo ndipo maswali ya wasafiri yanapoanza. Kipi ndicho chenyewe? Nikikitundika kiunoni nitakamatwa? Uwanja wa ndege hawatakichukua?

Maswali haya huulizwa kwa pumzi moja na hujibiwa kwa pumzi moja, ndiyo maana watu hubaki wamechanganyikiwa. Kukinunua ni jambo moja, kutembea nacho mtaani ni jambo la pili, kukivusha mpaka ni la tatu, na kila moja lina kanuni zake.

Majina kwanza

Puukko hutamkwa kwa u ndefu na k iliyokazwa, na mkazo unakaa mwanzoni mwa neno, si silabi ya pili kutoka mwisho kama tulivyozoea. Puu kwa Kifini ni mti au ubao, na kwa kawaida jina la kisu hiki huhusishwa na neno hilo. Ni kisu cha kuchongea. Bapa lake lina urefu unaokaribia upana wa kiganja, sentimita 8 hadi 10 hivi, lina makali upande mmoja, na mgongo wake umenyooka au umepinda kidogo tu. Mpini una umbo la pipa jembamba, hauna vidato vya vidole, na unalingana na bapa kwa urefu au unalizidi kidogo.

Kitu kinachowashangaza wengi ni kwamba hakina kilinda mkono, kile kizuizi cha kati ya mpini na bapa. Hicho si kipande kilichosahauliwa. Mfikirie mtu anayechonga mwiko: mara anavuta kisu kuelekea kwake, mara anakisukuma kwa kidole gumba kilicholala mgongoni mwa bapa, mara anashika karibu kabisa na makali ili apate nguvu. Kizuizi kingemkera kila dakika. Hapo hapo kuna jibu kwa wanaodhani puukko ni silaha ya vita kama jambia. Kisu cha kuchomea huhitaji kitu cha kuzuia mkono usiteleze hadi kwenye makali, na hiki hakina. Ni kweli kwamba katika karne ya 19 eneo la Ostrobothnia Kusini lilikuwa na wahuni walioitwa puukkojunkkarit, waliovuruga harusi na kujeruhi watu kwa visu hivi, na sifa hiyo mbaya haijafutika. Lakini hata jembe likiua mtu halibadiliki kuwa mkuki.

Kile kikubwa cha meza ya pili ni leuku, kisu cha Wasami, watu wa asili wa Lappi kaskazini mwa Ufini, chenye bapa la sentimita 15 hadi 20 na zaidi. Kinapasua kuni ndogo, kinakata matawi, kinavunja mifupa. Uhusiano wake na puukko ni ule wa panga na kisu cha jikoni: mwenye kazi ya porini hubeba vyote viwili, na hakuna anayechukua nafasi ya mwenzake. Mgeni akinunua leuku kwa ajili ya kumenyea matunda amenunua kitu kizuri cha kazi nyingine.

Na Mora? Mora ni mji wa Uswidi. Visu vya Mora ni vizuri, ni rahisi kwa bei, na mafundi wengi wa Ufini wanavitumia, lakini ukitaka zawadi ya Kifini umekosea nchi. Fiskars nayo huwakanganya watu kwa namna nyingine. Ni kampuni ya Kifini kweli, iliyoanza mwaka 1649 kama kiwanda cha chuma katika kijiji chenye jina hilo hilo, na ndiyo yenye mikasi ya mipini ya rangi ya chungwa. Visu vyake vingi ni vya kisasa vya mpini wa plastiki. Ni vya Kifini, ila si puukko ya asili ambayo watu huifuata.

Puukko zenyewe nazo zina koo zake, kila eneo na aina yake. Kauhava, mji wa Ostrobothnia Kusini, unajulikana kwa kisu chenye kichwa cha farasi cha shaba ya manjano mwishoni mwa mpini, kinachotengenezwa na kampuni ya Iisakki Järvenpää iliyoanzishwa 1879. Eneo la Kainuu lina Tommi, kisu kisicho na mbwembwe, kilichopata jina kutokana na lakabu ya mhunzi wake, Kalle Keränen wa Hyrynsalmi. Rovaniemi, karibu na mstari wa Aktiki, ni nyumbani kwa Marttiini, kampuni iliyoanza 1928, ambayo huenda ndiyo jina utakalokutana nalo mara nyingi zaidi madukani. Hakuna mmoja kati ya hao aliye "halisi" kuliko wengine, kama ambavyo hakuna pilau moja.

Kukishika dukani

Omba ruhusa, kisha chomoa polepole. Kabla ya bapa, tazama ala. Puukko ya asili huzama ndani sana, ngozi ikifunika nusu ya mpini au zaidi, na haina kifungo wala mkanda wa kukishikilia. Kinachokishikilia ni mbano wa ngozi iliyoloweshwa na kukaukia juu ya umbo la kisu. Geuza ala kichwa chini, tikisa kidogo, mkono mwingine ukiwa mbali: kisu kisitoke. Sasa bonyeza ngozi sehemu ya chini. Unatakiwa kusikia kitu kigumu ndani, kipande cha mbao au plastiki kinacholinda makali. Ala laini isiyo na kipande hicho ndiyo inayokatwa mshono na kisu chake yenyewe, na siku kisu kinapotokeza ubavuni huwa kinaelekea kwenye paja la mtu.

Halafu mkia. Kila bapa lina mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, kama mkia wa jembe la kufuliwa unavyopenya mpini wake. Kwa puukko iliyotengenezwa vizuri, mkia hupita mpini wote na kugongwa upande wa pili juu ya kibati cha chuma. Tazama kitako cha mpini: ukiona nukta ya chuma iliyogongwa, mkia umefika. Usipoiona, huenda mkia umeishia katikati na kushikwa kwa gundi. Kwa kisu cha kazi nyepesi hilo halina ubaya, lakini usilipie bei ya kilichopenya. Sogeza macho hadi kwenye noleo, ile pete ya chuma au shaba pale mpini unapokutana na bapa. Mwanga au ufa hapo maana yake maji yatapita, na maji yakishapita mkia unaota kutu mahali ambapo hutauona mpaka siku kisu kinapoanza kucheza mkononi.

Mwisho kiinue kwa usawa wa jicho, ncha ikitazama mbali nawe, mgongo juu. Bapa na mpini viwe kwenye mstari mmoja. Kilichopinda hata kidogo kitachonga upande siku zote.

Makali yana umbo lake, na ukilifahamu utaelewa mengine yote. Visu vingi vya jikoni vina mshazari mdogo sana, karibu hauonekani, mwishoni kabisa mwa bapa. Puukko ina mshazari mpana, wa milimita kadhaa, unaoanzia ubavuni na kushuka moja kwa moja hadi kwenye makali pande zote mbili. Aliyewahi kushika patasi anaujua mshazari huo; puukko ni kama patasi yenye mishazari miwili. Ndiyo maana inauma mbao kwa utulivu wa ajabu, na ndiyo maana haikati nyanya vizuri kama kisu chembamba cha jikoni. Anayesema puukko yake mpya "haikati" mara nyingi anaipa kazi ambayo si yake.

Chuma

Kuna aina mbili kubwa. Chuma cha kaboni, ambacho kwenye lebo huandikwa hiiliteräs, hunoleka upesi na kushika makali vizuri, lakini huota kutu. Kisichoshika kutu huandikwa ruostumaton. Wauzaji na mashabiki wa visu watakuambia cha kaboni ndicho cha wajuzi, na kwa mtu wa Kuopio, mji wa Ufini wenye hewa kavu ya baridi, wana hoja. Kwa mtu anayerudi Mombasa, Unguja au Lindi ushauri huo ni mbaya. Hewa ya chumvi huweka madoa kwenye chuma cha kaboni usiku mmoja tu, hasa kikilala ndani ya ala, kwa sababu ngozi hunyonya unyevu na huweza kubaki na chumvi za utengenezaji wake. Anayekaa pwani achukue ruostumaton bila aibu. Wa Arusha, Nakuru au Bukavu anaweza kuchagua apendavyo, ilimradi akikaushe na kukipaka mafuta kidogo.

Maandishi mengine yanayofaa kujua ni machache. Terä ni bapa, tuppi ni ala. Valmistettu Suomessa maana yake kimetengenezwa Ufini. Alama ya Avainlippu, yenye picha ya ufunguo, nayo inathibitisha utengenezaji wa Ufini. Usiichanganye na alama ya Design from Finland, inayosema ubunifu ni wa Kifini lakini haikuhakikishii kwamba kiwanda kiko huko. Wasami wana alama yao ya kazi za mikono, Sámi Duodji. Ukitaka leuku iliyotoka mikononi mwa Msami, itafute hiyo.

Neno käsintehty, yaani kimetengenezwa kwa mkono, lichukulie kwa tahadhari. Mafundi wengi wazuri hununua bapa lililokwisha kufuliwa na wao hutengeneza mpini na ala. Huo si wizi, ni mgawanyo wa kazi wa miaka mingi. Unachotakiwa ni kuuliza swali moja: bapa limefuliwa na nani? Fundi wa kweli atajibu kabla hujamaliza kuuliza. Bapa lenye picha iliyochorwa ya reindia, mnyama wa nchi za baridi mwenye pembe za matawi, halikuambii lolote kuhusu chuma. Na kisu chenye mawimbi ya damaski, yaani chuma cha tabaka nyingi zilizofuliwa pamoja, kwa bei ya chakula cha mchana kitilie shaka, kwa sababu kufua chuma cha namna hiyo ni kazi ya muda mrefu.

Mpini ndio unaobeba sehemu kubwa ya tofauti ya bei. Visakoivu ni mbao ya betula, mti wa nchi za baridi, yenye mabaka ya kahawia kama yaliyochorwa kwa kalamu. Mti huo hukua polepole na mbao zake nzuri ni chache. Tuohi ni gome la betula lililokatwa vipande vidogo, vikapangwa na kubanwa kama sarafu kwenye mkia wa kisu. Ukikigusa kinafanana na kizibo cha chupa: chepesi, hakiwi baridi, hakitelezi hata mkono ukiwa na utelezi wa samaki. Kwa maoni yangu huo ndio mpini bora kwa matumizi, ingawa kabatini visakoivu hupendeza zaidi.

Poronsarvi ni pembe ya reindia, na hapa Kiswahili kinatuponza kwa kuwa na neno moja. Pembe ya ng'ombe hukaa kichwani maisha yote. Ya reindia huanguka na kuota upya kila mwaka. Reindia wa Lappi ni mfugo, na hayumo kwenye orodha za mkataba wa CITES wa biashara ya wanyamapori. Hata hivyo, ofisa wa forodha wa Afrika Mashariki anayeona kitu cheupe cha pembe ana haki ya kuuliza, nasi tunajua kwa nini. Mwombe muuzaji aandike poronsarvi kwenye risiti, na uitunze pamoja na kisu. Kisu cha kale chenye mapambo ya pembe ya ndovu kiache huko huko kilipo, hata kikiuzwa bei ya kutupa.

Bei na mahali

Puukko ya kiwandani ya kuaminika huanzia takriban euro 40 na kufika 100. Ya fundi mmoja mara nyingi huanzia 150, na vya maonyesho hupanda hadi mamia kadhaa. Chini ya 30 utapata cha kazi cha mpini wa plastiki, ambacho kwa kazi halisi kinaweza kukishinda cha sokoni chenye urembo. Helsinki kuna duka la Marttiini mtaa wa Aleksanterinkatu, na Rovaniemi kuna la kiwanda chao. Maduka ya uvuvi na uwindaji huwa na wauzaji wanaojua wanachouza. Kijiji cha Fiskars kina mafundi wa kazi za mikono. Kwenye meza za sokoni vizuri vipo, ila vimechanganywa na vibaya, kwa hiyo majaribio ya hapo juu yana kazi kubwa zaidi pale. Kupigania bei kama Kariakoo hakuna. Ukinunua viwili au vitatu unaweza kuuliza kwa upole, basi.

Kutembea nacho

Mtu huona fundi wa ujenzi na puukko imening'inia kwenye kifungo cha suruali yake, akahitimisha kwamba Ufini kila mtu huvaa kisu. Sivyo. Sheria ya utulivu wa umma, iliyoanza kutumika 2003, inakataza kuwa na kisu mahali pa umma bila sababu ya kazi au nyingine inayokubalika. Hesabu ya urefu wa bapa haimo. Kinachoulizwa ni sababu. Fundi yuko kazini, mvuvi anakwenda ziwani, wewe unakwenda kunywa kahawa. Kilichonunuliwa sasa hivi kibaki kwenye boksi lake, ndani kabisa ya begi, na risiti kando yake, mpaka hotelini. Usikivae baa, treni wala tamashani, hata kama ala ni nzuri kiasi gani.

Ndugu wanaoishi Uswidi na Uingereza wasidhani mambo hulegea wakivuka. Uswidi nayo inadai sababu. Uingereza iko wazi zaidi: ruhusa ya kutembea na kisu kidogo bila sababu inahusu kile cha kukunja chenye bapa lisilozidi inchi 3. Puukko haikunjwi, kwa hiyo hata fupi kiasi gani haimo. Kuwa nayo nyumbani ni sawa. Kwa meli za Tallinn na Stockholm, uliza kaunta kabla ya kupanda, maana kampuni zina masharti yake kuhusu visu.

Ndege na kodi

Kwenye ndege jibu ni moja: begi la kukabidhi. Ukikisahau kwenye begi la mkononi utakiacha kwenye ukaguzi, na maelezo kwamba ni zawadi ya mjomba hayatasaidia. Kifunge ndani ya ala, zungushia karatasi ngumu na gundi ya karatasi, kisha kiweke katikati ya nguo, ili anayekagua begi asijikate. Kama safari ina kituo ambapo utachukua begi na kulikabidhi upya, kumbuka hapo pia.

Kodi ndiyo inayopoteza watu. VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya Ufini ni asilimia 25.5 tangu Septemba 2024, na anayeishi nje ya Umoja wa Ulaya anaweza kurudishiwa akinunua kwa angalau euro 40 dukani penye huduma hiyo. Kinachotazamwa ni unapoishi, wala si rangi ya pasipoti: Mkenya anayeishi Uswidi hapati. Wengi hutegemea robo ya bei irudi. Hairudi. Kodi imo ndani ya bei, kwa hiyo kwenye kisu cha euro 100 kodi ni kama euro 20.30, na kampuni inayoshughulikia hukata ada yake kabla ya kukupa. Lazima pia kisu kiwe hakijatumika na kiko kwenye kifungashio chake. Ukikijaribu kwenye kipande cha ubao hotelini umejinyima.

Na hapa ndipo kanuni mbili zinapogongana. Ofisa wa kodi anaweza kutaka kuona bidhaa, huku usalama wa ndege hauruhusu uwe nayo mkononi ukishapita. Kwa hiyo nenda kwenye dawati la kodi na begi lako lote, na fomu, kabla ya kulikabidhi kwenye kaunta. Aliyekwisha likabidhi na kufika upande wa pili hana cha kuonyesha.

Kikishafika nyumbani

Kosa linaloua puukko nyingi hutokea miezi michache baadaye, makali yanapofifia, kikapelekwa kwa mnoa visu wa baiskeli. Jiwe lake la kuzunguka linasaga kavu na kuchoma: cheche zikiruka na ukingo ukageuka rangi ya buluu, ugumu wa chuma umeondoka hapo, na makali mapya yatalala baada ya kazi kidogo tu. Tena atanoa kwa pembe ya kisu cha jikoni na kuacha mshazari wa pili juu ya ule mpana.

Tumia kinoo bapa, chenye namba ya ukali wa chembe 1000 au karibu yake, kilicholowa maji. Laza mshazari wote juu ya jiwe mpaka usione nafasi chini yake, wala usiinue mgongo zaidi ya hapo. Sukuma mara kumi upande mmoja, mara kumi wa pili, ukianzia karibu na mpini na kuishia nchani, ambako unainua mpini kidogo kufuata mpindo. Endelea hadi kidole kikipita kwa upole kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali kihisi kijiuzi cha chuma upande wa pili. Kijiuzi hicho kiondoe kwa kuburuta bapa kinyumenyume juu ya mkanda wa ngozi, halafu futa, pitisha tone la mafuta, na kama ni cha kaboni na unaishi pwani, kihifadhi nje ya ala.